Mama Mkwe Kwenye Jiko la Chapati

Mlionicheka wiki iliyopita, sogezeni viti. Leo mtacheka mpaka mshike ukuta, na mimi mwenyewe nitawaanzishia.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza: naitwa Khaemba, Mbukusu wa Bungoma, mtu wa ramani hapa Kampala. Kampuni yetu ndogo pale Bugolobi imetengeneza programu ya simu iitwayo Pumzi. Mgonjwa wa kifua akizidiwa, anabonyeza kitufe kimoja, boda inamfikia na muuguzi na mtungi wa oksijeni. Kazi yangu ni moja tu: boda ijue mlango uko wapi.

Kazi moja. Na mmeona nilivyoifanya.

Kwanza nilinunua ramani kwa jamaa mmoja wa suti na marashi. Niliichagua kwa sababu rangi zake zilipendeza. Haki ya Mungu, sina sababu nyingine. Kumbe ilikuwa ya zamani, barabara zake nyingine zilishajengewa magorofa, na siku ya majaribio boda wetu alifikishwa kwenye ukuta wa choo cha watu. Akapiga honi. Aliyekuwa ndani akajibu, "Subiri!"

Halafu nikahamia ile ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea. Barabara zake zilikuwa sahihi kuliko za yule wa marashi, na sikuamini, kwa sababu mimi nilidhani kitu cha bure hakina thamani. Lakini vichochoro vya Kamwokya hakuna aliyekuwa amevichora. Nikajaribu picha za setilaiti. Nikaona mabati, mabati, mabati. Bati moja lina familia nane chini yake, na setilaiti haijui kubisha hodi.

Wiki iliyopita tuliachana pale mkurugenzi wangu, Abdul-Latif, aliponiita ofisini kwake na kufunga mlango.

"Khaemba," akasema, "mimi nimezaliwa Old Kampala, mji huu naujua. Ukiniletea ramani nauliza vitu tatu. Ni ya lini? Nani alichora? Nani alikanyaga pale?"

"Bosi, safari hii..."

"Safari hii wewe ndiyo unakanyaga. Na miguu yako. Kila mgonjwa, mlangoni kwake. Ukishindwa, ssebo, rudi Bungoma ukachore mahindi."

Nikasema ndiyo bosi. Nilikuwa na sababu kubwa kuliko mshahara, na sababu hiyo inaitwa Benedicte.

Benedicte ni binti wa Bukavu, kule Kongo, anauza vitenge katika duka moja pale Old Kampala. Nampenda. Sizungushi maneno, nampenda mpaka nasahau kula, na mimi ni Mbukusu, kwa hiyo mnajua uzito wa hilo. Anaishi Kamwokya na mama yake, Mama Blandine, mjane mwenye sauti ya kwanza kwenye kwaya na kifua cha mwisho duniani. Pumu ile ikimshika, nyumba nzima inakaa macho.

Basi nilitaka kitu kimoja tu: mama yule apumue, kisha anipe binti yake.

Sasa sikilizeni ujinga wangu ulipoanzia.

Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe hawachezeani. Hampeani mikono, huingii kwake ovyo, mkikutana njiani mmoja anapisha. Hayo ni ya kweli, yaulizwe popote. Lakini siku Benedicte alipotaka kunipeleka kwao mara ya kwanza, nilitaka kuonekana mwanamume wa mila, mtu mzito. Nikaongeza chumvi.

"Kwetu," nikamwambia, "mwanamume akiingia chumbani kwa mama mkwe akamgusa, basi si mkwe tena. Amekuwa mtoto wa tumbo lake. Na yule binti anakuwa dada yake. Hakuna kuoana tena."

Benedicte akatoa macho. "Eh! Nani alisema?"

"Babu."

Babu yangu, Mungu amlaze pema, hakuwahi kusema hivyo. Maneno yake yalikuwa machache, na mengi yalihusu ng'ombe.

Benedicte akaenda kumweleza mama yake. Mama Blandine akafurahi kupita kiasi. "Ule kijana iko na heshima," akasema. "Vijana ya leo banaingiaka tu. Ule, umwache asimame mbali."

Nikaachwa nisimame mbali. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya ibada nasimama bondeni kando ya jiko la Ssalongo, muuza roleksi, zile chapati za mayai, nikitazama juu kwenye pazia la buluu la mlangoni kwao. Benedicte anashuka, tunazungumza, anapanda. Mama Blandine akichungulia, mimi nageuza uso na kupunga mkono upande wa pili. Mara nyingi nilimpungia mbuzi wa watu.

Tuendelee na kazi. Mtaa tuliugawana mimi na Katembo, Mnande wa Butembo, dereva wetu wa boda. Kila mlango ulikuwa na maswali yake. "Hii ni ya serikali?" "Ni ya mwenye nyumba?" Nilieleza, niliomba ruhusa, aliyekataa nilimwacha na amani yake. Aliyekubali nilisimama kizingitini kwake, nikatulia mpaka simu iache kuyumbayumba, nikabonyeza lokesheni.

Jioni tukaangalia kazi ya Katembo kwenye skrini. Nukta zake kadhaa zilikuwa zimekaa barabarani.

Nikapandwa na hasira ya haki. Mbele ya ofisi nzima nikasimama.

"Mlangoni, Katembo! Si barabarani, si karibu na, si hapo hapo! Mgonjwa anapumulia barabarani?"

"Bosi, kule iko imbwa."

"Mbwa akuume! Mradi akuumie mlangoni!"

Ofisi ikacheka. Katembo wa watu akachukua kofia yake, asubuhi akarudia kila nyumba, na alirudi suruali imechanika. Na mimi? Nyani haoni kundule.

Kesho yake ikafika zamu ya kichochoro cha Mama Blandine. Nilikuwa peke yangu. Nikasimama pale pale kwangu, kando ya jiko la Ssalongo. Benedicte akatokea juu.

"Khaemba! Panda basi! Mama anapika, unapiga hiyo picha yako unashuka."

"Mama yuko ndani?"

"Sasa iko wapi? Ni kwake!"

"Siwezi. Mila."

"Weye! Ni kazi, si harusi. Kwanza mahari hujaleta, unaogopaka nini?"

"Heshima haingoji mahari," nikasema. Niliyatamka kwa sauti ya kiume kabisa, hata Ssalongo akaacha kugeuza chapati.

"Basi mimi nichukue simu niende nayo mlangoni."

Angalieni hapo. Mungu alinifungulia mlango wa kutokea, mzima mzima, na binti mzuri ameushikilia. Mimi nikasema nini? Nikasema, "Simu ya kazi haishikwi na mtu mwingine. Ni utaratibu."

Nikaitazama skrini. Kutoka kwenye jiko mpaka bati la Mama Blandine ulikuwa upana wa kidole changu. Kidole ni nini? Simu ikaniuliza: *Uko mlangoni?* Nikabonyeza *Ndiyo*. Ssalongo akaniuliza kama leo nitanunua, aweke na nyanya.

Ramani ikajaa, nukta zote kijani. Abdul-Latif akaja na maswali yake.

"Ni ya lini?"

"Wiki hii, bosi."

"Nani alichora?"

"Sisi wenyewe."

"Nani alikanyaga?"

"Mimi!" Nikajipiga kifua mpaka nikakohoa. Katembo alikuwa mlangoni akishona suruali yake, akanitazama, akarudi kwenye sindano.

Siku tuliyofungua huduma, mtaani Kamwokya walikuwa wanazibua mtaro, na taka zilizotolewa mtu akazitia moto. Moshi ukatanda bonde zima. Mchana, skrini ya ofisini ikalia, ombi la kwanza kabisa. Jina: Blandine.

Ofisi ilikuwa inafanya kazi kama saa. Katembo alikuwa jirani, na nyuma yake amekaa Acayo, muuguzi wetu. Tukaona boda inakwenda, inakata kona, inasimama. *Imefika.* Kijani.

Watu wakapiga makofi. Abdul-Latif akanishika mkono akautikisa. Mimi nilishafika mbali, nilikuwa nachagua rangi ya suti ya harusi.

Simu ikalia. Katembo.

"Bosi, nimefika."

"Safi! Mama anaendeleaje?"

"Mama haiko. Iko Ssalongo."

"Nani?"

"Mutu wa chapati. Anapumua muzuri sana."

Makofi yakafa. Abdul-Latif akaniachia mkono.

"Bosi," Katembo akaendelea, "si ulisema mlangoni?"

"Panda juu! Pazia la buluu!"

"Pazia za buluu ziko mingi, bosi. Wapi?"

Vichochoro vyenyewe sivijui. Mwaka mzima nimeupenda mlango ule kwa macho, mguu wangu haujawahi kuugusa.

"Khaemba," Abdul-Latif akasema polepole. "Nani alikanyaga pale?"

"Bosi, ni mama mkwe wangu. Mila..."

"Mila gani? Mtu anakufa!"

Nikapiga simu ya Mama Blandine, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga ya Benedicte, imezimwa. Mwenye duka huzifungia simu za wasichana kwenye droo mpaka jioni. "Duka gani?" Abdul-Latif akauliza. Nikamtajia. "Nalijua. Natuma mtu akamwite. Wewe nenda! Kimbia!"

Nikakimbia. Nikarukia boda ya kwanza niliyoikuta nje, bila kuuliza bei, na mwenye boda akaona kwamba dunia imeharibika. Njia nzima nilikuwa namwomba Mungu kwa Kibukusu, na nilipoona haharakishi nikabadili nikamwomba kwa Kiswahili.

Nilimkuta Katembo na Acayo wamehangaika milango kadhaa. Hakuna aliyewajibu. Mtu mwenye koti linalong'aa, kama wa serikali, akija kumuulizia Mkongo kwa jina, jirani mwema hamjui huyo Mkongo, hata kama kikombe alicho nacho mkononi amekiazima kwake.

"Hatumjui," mama mmoja alikuwa anasema, amejaza mlango wote.

Ssalongo akaniona, akaninyooshea kijiko. "Huyu! Muulizeni huyu! Kila Sunday anasimama hapa kwangu, anaangalia juu tu. Hata chapati hanunui!"

Basi nikafanya kile nijuacho. Nikasimama kando ya jiko, mahali pangu pa kila Jumapili, mgongo kwa Ssalongo, nikainua macho. Pazia lile pale. La tatu kutoka kwenye nguzo ya umeme, lenye kiraka pembeni.

"Nifuateni!"

Upana wa kidole, wapenzi wasomaji! Upana wa kidole changu ulikuwa na mtaro uliozibuliwa nusu, ubao wa kuvukia uliooza, ngazi za matope, na kamba za nguo kila hatua. Niliingia mtaroni mguu mmoja. Katembo akavuka na mtungi begani bila kuyumba, akanipita, akaningoja juu.

Nikafika mlangoni. Kwa mara ya kwanza. Ndani nilisikia mluzi mwembamba wa kifua kinachotafuta hewa.

"Mama! Mama Blandine! Fungua!"

"Na... nani?"

"Ni Khaemba!"

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nilisikia kitu kikijikokota sakafuni, kisha komeo: kwa!

Alikuwa amejifungia.

"Hapana... mukwe... hapana ingia," sauti ikasema. "Sijavaa... muzuri. Mila... yenu..."

Jamani. Mwanamke yule alikuwa anatumia pumzi yake ya mwisho kulinda mila niliyoipika mimi mwenyewe kwa kujisifu. Nililia pale pale, sioni aibu kusema.

"Mama, fungua! Ni uongo! Babu hakusema!"

Hata ule mluzi ukapungua.

Acayo akanisukuma begani. "Wewe unangoja nini? Vunja!"

Nikarudi nyuma nikaja kwa kishindo. Mlango ukanikataa, nikaketi kwenye beseni la nguo za jirani. Nikarudi tena, Katembo kando yangu, bega kwa bega, na safari hii bawaba zikang'oka, tukaingia na mlango wetu.

Alikuwa sakafuni, ameegemea kitanda, kitenge kifuani, kichwa wazi. Midomo imekuwa kama majivu. Na mimi, mnajua nilifanya nini? Nilifumba macho. Naapa, nilisimama katikati ya chumba cha mtu anayekufa nimefumba macho kwa heshima.

"Banange, fumbua macho!" Acayo akapiga kelele. "Kaa chini! Shika kichwa yake! Shika hii!"

Nikafumbua. Nikakaa. Nikamweka Mama Blandine kifuani kwangu, nikamshikia barakoa usoni, Katembo akafungua mtungi, Acayo akaunga mashine yake yenye dawa. Ikaanza kuvuma. Mama hakutikisika. Nilikuwa nahesabu dhambi zangu, na zote zilikuwa na jina lake.

"Mama, usiende," nikamwambia sikioni. "Nitaleta mahari. Nitaleta na mbuzi niliyempungia."

Acayo alikuwa ameshika mkono wake, anasikiliza mshipa. "Bado," akasema. Kisha, "Ngoja." Kisha kifua kile kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena, kwa kukwaruza, lakini kikapanda, na baadaye kidogo midomo ikaanza kurudi rangi. Acayo akakaa sakafuni akajifuta uso. Katembo akavua kofia.

Nilifurahi. Sijawahi kufurahi hivyo.

Simu ikalia mfukoni. Katembo akaitoa akaniwekea sikioni.

"Khaemba! Uko mlangoni sasa?"

"Mlango haupo, bosi. Niko ndani."

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Alhamdulillahi. Basi weka lokesheni, mjinga wewe."

Katembo akanishikia simu mbele ya kidole gumba, nami nikabonyeza, kichwa cha mama kikiwa bado kifuani kwangu. Simu ikauliza: *Uko mlangoni?* Nikajibu *Ndiyo*, na kwa mlango ule ilikuwa mara yangu ya kwanza kuijibu bila kusema uongo.

Mama Blandine akafungua macho. Akanitazama usoni, nyuso zetu zimekaribiana, na hakuna wa kugeuka.

"Mama," nikaanza, "kuhusu ile mila, nataka nikwambie..."

Akaniwekea vidole mdomoni.

"Nyamaza, mutoto." Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa na hewa ndani. "Mimi nilizaaka binti moja tu. Miaka yote naombaka Mungu anipe mutoto mwanaume. Leo umeingia, umenishika, umenirudishia pumzi." Machozi yakamtoka yakaingia kwenye barakoa. "Babu yako alisema kweli. Ule muzee alikuwa na akili."

Katembo akaangalia dari. Acayo, ambaye hakujua lolote, akaguswa moyo, akasema, "Bambi, maneno mazuri."

Nikatafuta neno. Nikisema babu hakusema, mimi ni mwongo, na mwongo hapewi binti. Nikinyamaza, mimi ni mtoto wa nyumba hii, na mtoto wa nyumba hapewi dada yake. Mama akaendelea kunipapasa shavu.

Nje, miguu ikaja mbio kwenye ngazi za matope. Benedicte akasimama pale palipokuwa na mlango, viatu mkononi, kitambaa cha kichwa kimeanguka shingoni, anahema.

"Mama! Mama yangu! Uko muzima?" Akautazama mlango sakafuni. "Nani amevunja mlango?"

Mama Blandine akainua barakoa kidogo, akatabasamu kwa furaha yote aliyokuwa nayo.

"Kaka yako," akasema.